Mkahawa una deni letu la chenji, nasi tulimwacha mhudumu akilia

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa familia, ninaishi Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, na ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kwa furaha limetuachia nyumbani ugomvi ambao haujatulia hadi leo.

Mtoto wa marehemu dada yangu alifaulu mtihani wa Taifa. Unajua siku hiyo inavyokuwa: kijana alirudi nyumbani amemwagiwa poda nyeupe kuanzia kichwani hadi mabegani, na majirani wote wakatoka nje kumshangilia. Jumapili iliyofuata mume wangu aliamua tumpeleke kula mjini ili akumbuke siku hiyo. Tulikuwa watu tisa, pamoja na shemeji yangu, ambaye ni mdogo wa mume wangu.

Mkahawa wenyewe si nganda, kibanda cha bia na nyama choma cha kando ya barabara. Una vitambaa mezani, una orodha ya vyakula iliyochapwa vizuri yenye kurasa nyingi, na bei zote zimeandikwa kwa dola. Orodha hiyo ndiyo iliyotuchosha kwanza, kwani karibu kila chakula tulichotaja mhudumu alijibu kwamba leo hakipo, mpaka tukabaki na samaki wa kuchoma, kuku, sombe (kisamvu) na bukari (ugali). Tuliagiza saa saba na robo, tukaambiwa tusubiri dakika ishirini. Saa nane na nusu tulikuwa bado tunakunywa bia na sukre (soda) tumbo likiwa tupu, na kila tulipouliza tulijibiwa kwamba chakula kinakuja. Wakati huo wakaingia wanaume watatu waliovaa vizibao vya kampuni ya migodi, wakaketi meza ya jirani, na haikupita robo saa wakaletewa sahani zao. Hata watoto waliliona jambo hilo. Shemeji yangu ndipo alipoanza kupaza sauti.

Chakula chetu kilifika karibu saa tisa. Samaki mmoja alikuwa mbichi karibu na mfupa, na bukari ilikuwa imepoa. Tulikula hivyo hivyo kwa sababu ya njaa. Karatasi ya hesabu ilipoletwa ilionyesha dola 75 za chakula na vinywaji, na chini yake dola 12 za TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ambazo hatukuziona popote kwenye orodha ya bei. Ilitaja pia chupa 11 za bia, ilhali mezani kulikuwa na chupa tupu 9. Shemeji alisimama, akamwita yule binti aliyekuwa akituhudumia mwizi mbele ya watu wote, akamwambia kwamba ndiyo sababu atabeba sahani za wenzake mpaka uzee wake. Binti hakujibu neno. Alikwenda nyuma ya kaunta, na sote tulimwona akijifuta macho. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, mwanangu mdogo alisema kwamba alimwona yule dada akiondoa chupa mbili ili kupata nafasi ya kuweka sahani. Hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Mume wangu alilipa kwa noti ya dola 100, baada ya noti ya kwanza kukataliwa kwa ajili ya mpasuko mdogo pembeni. Chenji ilipaswa kuwa dola 13. Mshika fedha alisema hana dola ndogo, akahesabu faranga 2,000 kwa kila dola, ingawa siku hiyo wabadilishaji wa barabarani walikuwa wakitoa 2,250, kisha akatupa faranga 20,000 na kutuomba tupite siku nyingine kuchukua 6,000 zilizobaki.

Sasa mume wangu anasema mtu mzima harudi mkahawani kudai faranga elfu sita. Shemeji anasema binti alipata alichostahili. Mimi ningependa kuachana na mahali pale kabisa, lakini siwezi, kwa sababu mwezi ujao tunawapokea wakwe kwa ajili ya mahari ya binti yetu mkubwa, na nilikuwa nimekwisha kulipa hapo hapo avansi ya dola 50 kwa chakula cha watu ishirini. Je, nirudi kudai? Nimwambie nani? Na nifanye nini ili aibu ile isijirudie mbele ya wakwe?

Mama wa Kampemba

* * *

Mama wa Kampemba,

Barua yako ina madeni mawili, na ugomvi wa nyumbani kwenu unaendelea kwa sababu kila mtu anataka kulifuta moja kwa kutumia lingine. Shemeji yako anaona kwamba kwa kuwa mlitendewa vibaya, basi binti hakukosewa. Mume wako, kwa kuona haya juu ya yaliyotokea, yuko tayari kuiacha haki yenu ili mambo yaishe. Mimi nasema mkahawa unadaiwa fedha nanyi, na familia yenu inadaiwa msamaha na yule binti, na kila deni lilipwe mahali pake.

Nianze na fedha. Chenji yenu ilikuwa dola 13, ambazo kwa bei ya wabadilishaji siku ile zilikuwa faranga 29,250. Kwa hesabu ya mkahawa zilikuwa 26,000. Mlipewa 20,000, kwa hiyo kuna faranga 6,000 ambazo mkahawa wenyewe umekiri kwa kinywa chake kwamba ni zenu, na faranga 3,250 nyingine ambazo zilimezwa na kiwango cha kubadilisha ambacho hakuna aliyewaeleza kabla hamjatoa noti. Mchezo huu unajulikana sana katika mji wetu. Ukitaka kulipa faranga kwa bei iliyoandikwa kwa dola, kiwango hupanda. Ukitoa dola na kungojea faranga, kiwango hushuka. Na katika pande zote mbili anayepata ni yule aliyeketi penye sanduku la fedha. Ningekuwa wewe ningedai 6,000 bila kusita, kisha ningeuliza kwa sauti ya kawaida kuhusu zile 3,250, kwa sababu mwenye mkahawa anayetaka watu ishirini mezani kwake mwezi ujao ana kila sababu ya kukujibu vizuri. Akikataa hizo za pili, usigombane naye. Umekwisha kujua kiwango chake, na utajua la kufanya mbele.

Kuhusu mume wako anayeona fedha hizo ni kidogo, mweleze kwamba swali la kwanza ni nani atakayezilipa mkizidai vibaya. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na hata baada ya nyongeza ya mwaka 2025, faranga 6,000 bado ni kipande kikubwa cha malipo ya siku ya mtu wa mshahara mdogo. Katika mikahawa mingi upungufu wowote, uwe wa chupa, wa sahani iliyovunjika au wa mteja aliyeondoka bila kulipa, hukatwa kwenye malipo ya mhudumu bila mjadala. Mkienda siku ya msongamano mkamwambia binti yule yule, “Tupe zile elfu sita zetu,” huenda akazitoa mfukoni mwake ili mambo yaishe, na mtakuwa mmemwumiza mara ya pili. Kwa hiyo nenda katikati ya juma, saa tisa au saa kumi alasiri, wakati meza ziko wazi. Nenda na karatasi ya hesabu. Omba kuonana na mwenye mkahawa au msimamizi wake. Na useme tangu mwanzo kwamba hesabu hiyo ni baina yenu na mshika fedha. Usilitaje jina la mhudumu hata kama unalijua.

Chukua nafasi hiyo hiyo kuuliza kuhusu TVA. Kodi hiyo ipo nchini tangu tarehe 1 Januari 2012 na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16, kwa hiyo dola 12 juu ya dola 75 ni hesabu sahihi. Lakini si kila mfanyabiashara anayeruhusiwa kuidai: anayeikusanya ni yule aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, naye hulazimika kuipeleka kwa idara ya kodi, DGI, na karatasi yake ya hesabu inapaswa kuonyesha namba yake ya kodi. Itazame karatasi uliyo nayo. Ikiwa ni kipande kilichoandikwa kwa kalamu, bila jina la biashara wala namba, basi uliza kwa upole dola 12 zilikwenda wapi, na utaona mara moja kama jibu linatoka kwa mtu anayejua anachosema. Kodi yenyewe haina kosa. Kinachoudhi ni kuificha mpaka mwisho wa chakula, mteja akiwa amekwisha kupiga hesabu yake kichwani, na zaidi akiwa amealika watu.

Sasa nije kwenye kusubiri, ambako ndiko hasira zenu zilikoanzia. Hapa nitautetea mkahawa kidogo. Samaki wengi wazuri wa mji huu hutoka mbali, pande za Kasenga kwenye mto Luapula na ziwa Moero, nao hufika wakiwa kwenye barafu. Samaki mzima anayetolewa kwenye baridi, akatiwa viungo, akawekwa juu ya makaa, hawezi kuiva kwa dakika ishirini. Na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, kila kilichokuwa kikipikwa ndani hukimbizwa kwenye mbabula moja, jiko la makaa lililoko uani. Samaki wenu aliyekuwa mbichi karibu na mfupa anaeleza yote: mtu alimwondoa motoni mapema kwa sababu meza ilikuwa inapiga kelele. Bukari nayo haipikwi mapema, maana hakuna Mlushois, mkazi wa Lubumbashi, anayekubali bukari iliyolala, hivyo ikipikwa kwa wakati wa samaki na samaki akachelewa, itapoa tu. Kusubiri zaidi ya saa moja na nusu siku ya Jumapili, kwa watu tisa wanaotaka samaki, si jambo la ajabu.

Kosa la mkahawa ni kusema dakika ishirini. Mngeambiwa ukweli, mngeagiza sombe na kuku kwanza kwa ajili ya watoto, au mngekwenda kwingine. Neno “inakuja” limeharibu jina la mikahawa yetu kuliko chumvi iliyozidi. Ninaamini, na hili ni langu mwenyewe, kwamba ndiyo sababu watu wengi wenye uwezo wa kula kwenye vitambaa vyeupe bado wanapenda nganda: pale mbabula iko mbele yako, unamwona samaki wako, na hakuna anayeweza kukudanganya kuhusu yuko wapi. Ile orodha ndefu ya vyakula visivyokuwepo ni uongo wa aina hiyo hiyo, na dawa yake wenyeji tunaijua, kuuliza “Leo kuna nini?” kabla ya kuifungua.

Kuhusu wale wanaume wa vizibao, kuna maelezo mawili, na ya kwanza hayana ubaya. Baadhi ya kampuni zina makubaliano na mikahawa, wafanyakazi wao huagiza kwa simu kabla ya kufika, na malipo hufanywa kwa mwezi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, chakula chao kilianza kupikwa kabla yao, pengine hata kabla yenu. Maelezo ya pili unayajua kama ninavyoyajua mimi: katika mji unaoishi kwa shaba, kuna wahudumu waliofundishwa kumtazama mteja kuanzia kwenye gari lake, na mwenye kizibao, mwenye gari la jeep au mgeni kutoka nje hupewa meza ya kivulini, huku familia iliyokuja kwa teksi ikipelekwa karibu na choo. Jambo hili halinipendezi, na sidhani kwamba linapaswa kunyamaziwa. Lakini liulizwe kama swali, na liulizwe papo hapo: “Wale wameagiza mapema, au tumerukwa?” Swali hilo likiulizwa na mtu mzima mwenye sauti tulivu humlazimisha msimamizi kuja mezani. Kelele za shemeji yako zilimleta binti, ambaye hakuwa na uwezo wowote juu ya jiko.

Na hapo ndipo deni la pili lilipozaliwa. Mama, mwanao alisema ukweli ambao watu wazima walikuwa wanauogopa. Desturi ya kuacha chupa tupu mezani ili zihesabiwe mwishoni ni nzuri, lakini inafanya kazi tu ikiwa hakuna chupa inayoondoka bila kutajwa. Binti aliondoa mbili ili kuweka sahani zenu, naye alipaswa kusema, “Ninachukua mbili”. Na mtu mmoja upande wenu angeitikia. Huo ni uzembe mdogo wa mtu aliyebeba mengi mikononi. Kutoka hapo hadi kumwita mwizi mbele ya wateja, katika kazi ambayo neno hilo moja linaweza kumfukuzisha, ni mbali mno. Na lile alilomwambia kuhusu kubeba sahani mpaka uzee halikuhusu bia hata kidogo.

Anayepaswa kuomba msamaha ni shemeji yako. Usimwendee wewe, maana neno la shemeji kwa shemeji juu ya jambo kama hili litasikika kama shitaka. Mume wako ndiye mkubwa wake. Amwite peke yake, bila watoto na bila wewe, amweleze habari ya chupa mbili kama mtoto alivyoiona, na amwambie kwamba watu hao hao watawahudumia wakwe. Sababu hiyo ya mwisho si ya hali ya juu sana, nakubali, lakini inafanya kazi kwa wanaume wengi wenye kiburi. Akikubali, aende siku yoyote isiyo siku ya kudai chenji, aseme maneno machache, na asiandamanishe bakshishi, kwa sababu noti ikiingizwa hapo itaonekana kama malipo ya tusi. Akikataa, basi nenda wewe umwambie binti kwa jina la familia kwamba mliona chupa zile ziliondolewa mezani na kwamba alichoambiwa hakikuwa kweli. Sema hivyo mbele ya msimamizi wake, ili naye asikie, kwa kuwa aibu ilifanywa mbele ya watu.

Sasa chakula cha wakwe. Avansi ya dola 50 inakupa nguvu kuliko unavyodhani, lakini kwa sasa ni dola 50 zilizotolewa bila neno lolote kuandikwa. Siku utakayokwenda kwa ajili ya chenji, omba karatasi moja yenye saini ya mwenye mkahawa, na iandikwe vyakula halisi vitakavyokuwepo, bei ya jumla ikiwa na TVA ndani yake, fedha itakayotumika kulipa na kiwango cha kubadilisha, pamoja na saa ya chakula kufika mezani, ambayo isiwe saa ya wageni kufika. Kwa watu ishirini, achana na samaki mzima wa kuchoma. Kuku, samaki wa mchuzi, sombe na lengalenga (mchicha) vinaweza kupikwa kabla na kubaki moto, halafu bukari ikasongwa wageni wakiwa wameketi. Kama mwenye mkahawa anasisitiza samaki wa kuchoma, muulize ana mbabula ngapi.

Vinywaji uviweke mbali na hesabu ya chakula. Wageni wa mahari hunywa, na hakuna mama wa nyumba anayeweza kusimama kuhesabu chupa mbele ya wakwe. Mpe kijana wenu aliyefaulu mtihani kazi hiyo: aketi karibu na kaunta, na kila kreti inayofunguliwa aandike pamoja na mhudumu. Karatasi ya mwisho isiletwe mezani kabisa. Mume wako aende kuilipia kaunta wageni wakiwa bado wanazungumza, alipe kiasi kamili kwa faranga au kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ambako mtu anaweza kuwa na akaunti ya dola na akaunti ya faranga, na hakuna noti yenye mpasuko wala chenji ya kufuatwa siku nyingine. Hata zile 6,000 zenu zingeweza kutumwa kwa simu siku ile ile, na mwambie hivyo mshika fedha akianza tena habari ya kukosa noti ndogo.

Kama mwenye mkahawa atakataa kuandika chochote, omba avansi yako irudishwe mapema, huku ukiwa bado na majuma kadhaa ya kutafuta mahali pengine. Akikubali, mpigie simu siku moja kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe kabla ya saa nne, umuulize kama kuku wamekwisha kununuliwa. Usiulize kama kila kitu kiko tayari, maana jibu la swali hilo ni “ndiyo” siku zote.